Tamathali za Semi Katika Somo la Kiingereza: Mtoto Haji Darasani Mikono Mitupu



Mwanafunzi wa lugha ngeni hufika mahali ambapo maneno hayamaanishi tena kile yanachosema. Hadi hapo amefundishwa kwamba neno fulani la Kiingereza ni nyumba, jingine ni mvua, jingine ni ndege arukaye. Ghafla anapewa shairi fupi, na humo mvua si mvua, ndege si ndege, na nyumba huenda ikawa ni moyo wa mtu. Katika shule za Marekani jambo hili hukazaniwa katika zile shule za kati, za watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi. Wazee wetu waliosoma Tanganyika kabla ya Uhuru wanazikumbuka shule za kati za hapa kwetu, zilizokuwa na darasa la tano hadi la nane. Siku hizi umri huo unaangukia madarasa ya mwisho ya shule ya msingi na vidato vya mwanzo vya sekondari.

Hapa nchini umri huo una uzito ambao mtoto wa Chicago hana haja ya kuujua. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na mtoto aingiapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Basi katika miaka ile ile anapohangaika kujua maana ya kawaida ya maneno, anatakiwa pia ajue maana yao isiyo ya kawaida. Asipojua, huandikiwa alama ndogo. Akizidi kutojua, huitwa mzito wa kichwa. Jambo la kuchunguzwa ni kama kweli mtoto huyo hajui, au kama anajua mengi ambayo hakuna aliyemwuliza.

Chukueni mfano wa bundi. Mwanafunzi anasoma kifungu cha Kiingereza ambamo babu mmoja anafananishwa na bundi aliyekaa juu ya tawi. Anaulizwa mwandishi amekusudia nini. Mwanafunzi anaandika kwamba babu huyo ni mtu wa nuksi, au kwamba kifo kinakaribia katika nyumba ile. Mwalimu anatia alama ya kosa, kwa sababu kitabu cha majibu kinasema bundi ni hekima. Sasa, kati ya wawili hao ni nani aliyekosea? Mtoto amefanya kazi yote ya akili inayotakiwa: ametambua kwamba mtu hakuitwa bundi kwa kuwa ana manyoya, akatafuta sifa ya bundi inayoweza kuhamishiwa kwa mtu, akaipata. Ameipata katika ghala la jamii yake, ambamo mlio wa bundi juu ya paa humfanya mama aamke na kumfukuza. Kilichokosekana ni habari moja tu, kwamba Wazungu, kwa urithi wa Wayunani wa kale waliomhusisha ndege huyo na mungu wao wa kike wa hekima, humwona bundi kwa jicho jingine. Habari hiyo mwalimu angeweza kuitoa kwa sentensi mbili.

Wanyama wengine nao wana mambo yao. Sungura wa ngano zetu ni mjanja anayewashinda fisi na simba. Mwingereza akitaka mjanja humwendea mbweha, na sungura kwake aghalabu ni mwoga au mwenda mbio. Punda pekee ndiye aliyedhulumiwa pande zote mbili.

Hali ya hewa ina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa inaonekana kama jambo ambalo halihitaji kuelezwa. Katika mkusanyo wa tungo za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1609 kuna shairi mashuhuri, la kumi na nane kwa hesabu, ambamo mshairi anajiuliza kama inafaa kumfananisha mpendwa wake na siku ya kiangazi, kisha anaona kwamba mpendwa anaishinda siku hiyo kwa uzuri na upole. Mtoto wa Dodoma au Shinyanga asomapo neno hilo anakumbuka nini? Anakumbuka ardhi iliyopasuka, ng'ombe waliokonda mbavu nje, na foleni ya ndoo kisimani. Kwake kumfananisha mtu na kiangazi ni tusi, au kwa uchache ni malalamiko. Uingereza ni nchi ya baridi ndefu. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo watu hutoka nje wakaota jua na maua yakachanua. Ni majira mafupi, na ufupi huo ndio kiini cha shairi lenyewe. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo anaweza kukariri kila neno na asielewe chochote. Na mvua ndiyo kinyume chake: katika tungo nyingi za Kiingereza mvua huleta huzuni na upweke, ilhali huku kwetu mgeni akifika na mvua huambiwa amekuja na baraka.

Ndiyo sababu mashairi ya Kiingereza yaliyotungwa na Waafrika yanafaa kutangulia yale ya Ulaya. David Rubadiri wa Malawi, aliyefariki mwaka 2018, ana shairi juu ya tufani ya Afrika ambalo limesomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Humo mawingu yanakuja na upepo kama baa la nzige, na mawingu hayo hayo yanapewa uzito wa mja mzito. Hakuna mtoto wa huku anayehitaji kuelezwa nzige ni balaa gani, wala mama mja mzito hutembeaje. Lugha ni ngeni, picha ni ya nyumbani; basi mwanafunzi anabeba mzigo mmoja badala ya miwili. Vivyo hivyo Okot p'Bitek wa Uganda, katika utenzi wake wa Kiingereza wa mwaka 1966 uitwao Song of Lawino, alichukua mboga na methali za Waacholi akazipeleka katika Kiingereza, bila kuomba radhi kwa mtu.

Yafaa sasa kulitazama lile zoea la kuwinda maneno. Katika madarasa mengi tashbihi hufundishwa hivi: ukiona neno «like» au neno «as», hiyo ni tashbihi, usipoyaona, na kitu kimeitwa kitu kingine, hiyo ni sitiari. Kanuni hiyo ni rahisi kuandikwa ubaoni na ni rahisi kusahihishwa, na kwa hiyo imependwa. Lakini tazameni inavyopotosha. Neno la kwanza kati ya hayo mawili ndilo pia Mwingereza hulitumia kusema kwamba anapenda wali; hapo hapana tashbihi yoyote. Na mtu akisema kwamba Juma ni mrefu kama kaka yake, amelinganisha vimo viwili vya watu wawili, hajatumia tamathali. Tamathali huzaliwa pale vitu viwili vya jinsi tofauti vinapokutanishwa: Juma na mnazi, si Juma na kaka yake.

Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kudanganyika hivyo katika lugha yake. Neno «kama» analijua katika «mweupe kama pamba» na analijua katika «kama mvua ikinyesha, tutabaki», na hata siku moja hajalichukua la pili kuwa tashbihi. Angeulizwa kwa nini, angejibu mara moja. Basi mwalimu wa Kiingereza aanzie hapo. Aulize mambo matatu, na aulize kwa Kiswahili ikibidi: ni kitu gani kinachofananishwa, kimefananishwa na nini, na ni sifa ipi iliyovuka kutoka hiki kwenda kile? Swali la tatu ndilo lenye kazi. «Mwalimu wa hesabu ni simba» ina maana gani? Ni mkali? Ni shujaa? Ananguruma? Analala mchana? Darasa likibishana juu ya hayo kwa dakika kumi, limejifunza sitiari kuliko darasa lililonakili tafsiri ya neno hilo mara ishirini.

Kuna tamathali nyingine ambazo sarufi yenyewe ya Kiswahili inazificha, na hapa mwalimu anahitaji uangalifu. Urudiaji wa konsonanti mwanzoni mwa maneno ni pambo kubwa la ushairi wa Kiingereza, kwa sababu katika lugha hiyo maneno hayalazimiki kufanana; mshairi akiyapanga yaanze kwa sauti moja, amechagua kufanya hivyo, na msomaji anapaswa kujiuliza sababu. Katika Kiswahili mtu yeyote anayesema «vikombe vikubwa vile vyote vimevunjika» ametoa maneno matano yanayoanza kwa sauti moja, naye si mshairi, analalamika tu jikoni. Ni upatanisho wa ngeli uliofanya kazi hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu, sikio lake likiwa limezoea mfuatano huo tangu utotoni, anaweza kuupita bila kuuona katika Kiingereza. Haina maana kwamba sikio lake ni zito. Limeshiba.

Tashihisi nayo ina siri yake. Bibi anaposimulia hadithi akasema «Jua akamwambia Upepo», hakusema «jua likauambia upepo». Kwa kubadili kiambishi kimoja amelitoa jua katika ngeli ya vitu akaliingiza katika ngeli ya watu, na kila mtoto aliyekaa mkekani amejua kwamba sasa jua lina kinywa na hasira. Mwingereza hana ngeli za namna hiyo. Yeye hutumia viwakilishi vyake vitatu, cha mume, cha mke, na cha kitu. Mwezi katika tungo zake mara nyingi ni mwanamke, na kifo mara nyingi ni mwanamume. Kiswahili kinasema «yeye» kwa wote, kwa hiyo mwanafunzi anayetafsiri kichwani anaupoteza uke wa mwezi njiani bila kujua kwamba ameangusha kitu. Mwalimu akionyesha hila ya bibi na hila ya Mwingereza bega kwa bega ubaoni, jambo linakuwa wazi kwa kipindi kimoja. Vitabu vya kiada vilivyotungwa kwa ajili ya watoto wa London haviwezi kumsaidia hapo, maana mtunzi wake hakumjua bibi huyo.

Katika arudhi tofauti ni kubwa zaidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, aliweka kwa maandishi yale ambayo malenga wa pwani walikuwa wakiyafuata tangu zamani: vina, mizani, beti, kituo. Mtoto aliyesoma shairi la tarbia anajua kwamba mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Anahesabu silabi, na kila silabi ina haki sawa na mwenziwe. Akihamia kwenye Kiingereza na hesabu hiyo atakwama, kwa kuwa ushairi wa Kiingereza wa jadi husimama juu ya mkazo: pigo dhaifu na pigo zito, pigo dhaifu na pigo zito, mara tano kwa mshororo katika ule mtindo alioupenda Shakespeare. Herufi nazo hazisemi ukweli. Neno la Kiingereza lenye maana ya nguvu, «strength», lina herufi nane na silabi moja tu, wakati «nguvu» ina herufi tano na mizani mbili. Dawa yake ni kuachana na macho kwa muda. Darasa lipige makofi. Anayefundisha kwaya analijua hili kuliko mwenye shahada ya fasihi.

Na vina? «Shamba» na «mimba» vinatosha kuwa vina katika Kiswahili, kwani silabi ya mwisho ni ile ile. Kwa sikio la Mwingereza havitoshi, kwa maana kina chake huanzia kwenye irabu yenye mkazo mpaka mwisho wa neno. Tena kina chake ni cha sauti, wala si cha maandishi. Maneno «though», «through» na «cough» yameandikwa kwa mkia mmoja, na hakuna hata mawili kati yao yanayolingana kwa sauti. Lakini lile la kati linalingana vizuri kabisa na «blue». Mwanafunzi anayeambiwa hayo hucheka, na akicheka hasahau.

Huenda baadhi ya watumishi wa ofisini wakaona kwamba mambo haya ni ya walimu peke yao. Lakini lugha ya mafumbo haiishi katika mashairi tu. Mtu anayeombwa «chai» kwenye kaunta anajua kwamba hakuna atakayechemsha maji. Mwenye kuambiwa «azunguke mbuyu» hatafuti mti. Hizo ni tafsida na sitiari, na kazi yake ni kufunika uovu usione haya. Kiingereza cha nyaraka kina tafsida zake, tena zenye suti na tai. Katika miaka ya 1990 wananchi walianza kusikia juu ya «kuchangia gharama», maneno yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza cha wataalamu wa uchumi, na mzazi aliyefika hospitali akakuta kwamba maana yake ni kulipa. Wafanyakazi walioondolewa kazini miaka hiyo walisoma katika barua zao kwamba idadi imepunguzwa, kana kwamba idadi haina mke na watoto. Kijana anayefundishwa kuuliza ni kitu gani kinachosemwa, na kimevishwa nguo ya kitu gani, atasoma mkataba wa Kiingereza kwa jicho lile lile alilosomea shairi. Asiyefundishwa atatia saini.

Historia ya nchi hii ina mfano mmoja wa tamathali ya Kiingereza ambao ungefaa kusomwa katika kila darasa la umri huu, na ni ajabu kwamba walimu wa Kiingereza huwaachia wenzao wa historia. Mwezi wa Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Nyerere alisema kwa Kiingereza kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha taa na kuiweka juu ya kilele cha Kilimanjaro, iangaze hata nje ya mipaka yetu, iwape matumaini waliokata tamaa. Siku hiyo ilikuwa sitiari tupu. Hakuna aliyenunua kiberiti. Lakini mkesha wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama kileleni na bendera na Mwenge, na sitiari ikawa moto wa kweli unaoshikwa mkononi. Tena kuna jambo la kutazamwa kwa makini. Neno alilolitumia Mwalimu kwa Kiingereza ni lile la mshumaa. Kiswahili kimelipokea kwa jina la mwenge. Mshumaa ni mdogo, huwashwa ndani ya nyumba au kanisani, huzimwa na pumzi ya mtoto. Mwenge hukimbizwa nje, hushindana na upepo, hupokezanwa. Kwa nini msemaji alichagua kidogo, na taifa likachagua kikubwa? Swali hilo halina jibu moja, na ndiyo maana linafaa.

Kazi ya Mwalimu katika tafsiri inafaa vile vile. Alipoitoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Venisi, mwaka 1969, jina la Kiingereza lilitaja mfanyabiashara mmoja. Yeye aliandika «mabepari», kwa wingi. Hakukosea hesabu wala msamiati. Aliisoma tamthilia yote kama picha ya jambo fulani, akaitia picha hiyo katika neno moja la jalada, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuulizwa neno lipi limebadilika na limeleta nini, kabla hata ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Imebaki kanuni moja inayozuia mengi ya hayo. Zipo shule ambazo Kiswahili ni marufuku kuanzia getini, na mtoto akiteleza ulimi hupewa adhabu. Nia ya wakuu wa shule hizo ni njema, maana Kiingereza kizuri hakipatikani bila kukizungumza. Lakini katika kipindi cha tamathali za semi marufuku hiyo inamnyang'anya mtoto chombo chake pekee. Vitendawili anavyo, methali anazo, ngano za sungura anazo, mashairi ya kuhesabiwa mizani anayo. Amekuja navyo kutoka nyumbani na kutoka shule ya msingi. Anaambiwa aviache nje kama viatu vya matope, kisha aingie ndani akaonyeshe kwamba anajua fumbo ni nini. Wakaguzi wangetenda jema kama wangemruhusu mwalimu wazi wazi kutumia dakika kumi na tano za Kiswahili katika kipindi hicho, na kumpima kwa yale ambayo wanafunzi wameyaandika kwa Kiingereza mwishoni mwake.

Watahini nao wana sehemu yao. Swali linalosema «taja tamathali tano zilizotumika katika shairi hili» hujibiwa na mwenye kukariri, hata kama shairi lenyewe amelisoma kwa jicho moja. Swali linalomtaka mwanafunzi achague picha moja, aeleze inatenda kazi gani mahali pale, kisha aseme kama watu wa kwao wangeitumia picha hiyo hiyo au nyingine, halina mahali pa kunakili jibu. Kulisahihisha kunachukua muda mrefu zaidi, na mwalimu mwenye darasa la watoto themanini ana haki ya kulalamika juu ya muda huo. Kwa huyo, maswali mawili ya namna hiyo kwa muhula yatatosha, na yule aliyemwandika bundi kuwa ni nuksi asikatwe alama kabla hajaulizwa sababu.